Bwana Mkubwa wa Juja na ndege wa bahari kuu

Tarehe 21 Aprili 1909 meli ya Kijerumani iitwayo Admiral ilitia nanga Mombasa huku mvua ya masika ikinyesha. Miongoni mwa abiria alishuka mwanamume mnene wa miaka 50, mwenye miwani na masharubu, ambaye wiki saba tu kabla ya hapo alikuwa Rais wa Marekani. Jina lake Theodore Roosevelt. Pamoja naye alikuwa mwanawe Kermit na wataalamu watatu waliotumwa na makumbusho ya taifa lao, Smithsonian ya Washington.

Habari za Roosevelt tunazozisikia hapa Kenya mara nyingi ni za simba na tembo. Picha zake akiwa na bunduki zimetundikwa katika hoteli nyingi za bara. Lakini mtu huyu kabla ya kuwa mwindaji, kabla ya kuwa mwanajeshi na mwanasiasa, alikuwa mtazamaji wa ndege. Na moja ya kazi kubwa alizozifanya maishani inamhusu ndege ambaye wavuvi wetu wa bahari kuu wanamwona, ijapokuwa wengi wetu wa nchi kavu hatumjui hata kwa sura. Ndiyo sababu nimeona leo tumzungumzie.

Mtoto wa pumu

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye uwezo. Alikuwa mtoto dhaifu. Pumu ilimkaba usiku hata wazazi wakawa wanambeba ili apate pumzi. Kwa kuwa hakuweza kukimbia na wenziwe, alisoma na kuangalia viumbe.

Alipokuwa na umri wa miaka kama saba alimwona sili aliyekufa amelazwa sokoni katika mtaa wa Broadway. Alirudi siku baada ya siku kumpima na kuandika vipimo vyake kwenye daftari. Baadaye akapata fuvu la mnyama yule, na hilo likawa mwanzo wa makumbusho yake mwenyewe chumbani: panya, mayai, viota, wadudu. Baba yake naye alikuwa mmoja wa waasisi wa makumbusho makubwa ya elimu ya viumbe ya New York mwaka 1869, kwa hiyo hakumkataza.

Mwalimu wake wa kwanza wa ndege alikuwa mzee John Bell, fundi wa kuchuna ndege na kuwajaza pamba ili wahifadhiwe. Bell huyu mwaka 1843 alisafiri na John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege wa Marekani. Jina la Audubon tulikumbuke, maana tutakutana nalo tena mbele, huku huku kwenye bahari yetu.

Mwaka 1872 mambo mawili yalimtokea. Alipewa bunduki yake ya kwanza, akashangaa kuona wenziwe wanalenga vitu ambavyo yeye havioni kabisa. Hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba macho yake ni mabovu, akapewa miwani. Siku hiyo dunia ilimfungukia upya. Lakini miaka ile yote ya kutoona vizuri ilikuwa imemfunza kitu kingine: kuwatambua ndege kwa sauti. Masikio yake yalikuwa yameshafanya kazi ya macho.

Baridi ya mwaka ule familia ilikwenda Misri, wakapanda Mto Nile kwa jahazi. Kijana wa miaka 14 akashinda kingoni mwa mto akikusanya ndege na kuandika jina, rangi, kipimo na mahali. Mwaka 1877, akiwa mwanafunzi wa Harvard, alitoa kijitabu kidogo na rafiki yake kuhusu ndege wa milima ya Adirondack. Alikusudia kuwa mwanasayansi. Siasa ikamchukua.

Rais na kisiwa cha manyoya

Maisha yake ya katikati nitayapita upesi, maana yameandikwa sana. Tarehe 14 Februari 1884 mkewe na mama yake walifariki siku moja, katika nyumba moja. Akakimbilia kuchunga ng'ombe magharibi ya nchi. Akarudi, akaoa tena, akapigana vita Kuba mwaka 1898, akawa gavana wa New York, kisha makamu wa rais. Septemba 1901 Rais McKinley alipouawa, Roosevelt akashika nchi.

Zama hizo kofia za wanawake wa Ulaya na Marekani zilipambwa kwa manyoya na mabawa ya ndege, pengine ndege mzima. Wawindaji waliingia katika visiwa wakati wa kutaga, wakaua wazazi na kuacha makinda yafe juani. Mwaka 1903 Roosevelt aliambiwa habari za kisiwa kidogo cha Florida ambako mwari walikuwa wakitaga. Akauliza kama kuna sheria inayomzuia kukitangaza hifadhi. Alipojibiwa kwamba hakuna, akakitangaza, tarehe 14 Machi 1903. Mpaka anaondoka madarakani alikuwa ameshatangaza hifadhi za ndege 51.

Moja ya hizo alitia saini tarehe 3 Februari 1909, mwezi mmoja kabla ya kuondoka Ikulu na siku 77 kabla ya kushuka Mombasa. Ilihusu mlolongo wa visiwa vidogo vya magharibi ya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, ambako mamilioni ya ndege wa bahari hutaga. Miongoni mwao ni yule ndege niliyemtaja mwanzo.

Mkata-maji

Kwa Kiingereza jina la jamii hii ya ndege maana yake ni mkata-maji, na hapa nitamwita hivyo. Si shakwe wala si membe. Shakwe utamwona bandarini akigombania utumbo wa samaki. Mkata-maji anaishi bahari kuu, na nchi kavu anaikaribia kwa jambo moja tu, kutaga.

Anaruka chini kabisa, mabawa yameganda kama ubao, akiinamia upande huu kisha upande ule, hata ncha ya bawa inakaribia kugusa wimbi. Upepo unaorudishwa na mawimbi ndio unaomchukua, kwa hiyo huenda maili nyingi pasipo kupiga bawa. Mdomo wake una kijineli juu, tundu za pua zimetokeza kama mirija, na humo ndimo anamotoa chumvi ya maji anayokunywa. Anachimba shimo ardhini, anataga yai moja tu, na anaingia kisiwani usiku. Kelele zake shimoni ni za kuomboleza, kama mtoto mchanga au paka. Mtu asiyejua akilala kisiwa hicho atasoma kila dua anayoijua.

Kumtambua kutoka juu ya meli ni kazi. Meli inayumba, ndege yuko mbali, anaonekana dakika moja kisha amezama nyuma ya wimbi. Wataalamu wanaokaa juu ya meli za utafiti hufuata utaratibu. Kwanza umbo na mruko: ni mkubwa mvivu au mdogo mwenye kupapatika? Pili tumbo: ni jeupe au jeusi? Tatu mkia: mfupi, au mrefu wenye kuchongoka kama kabari? Nne mdomo na miguu, ikiwa Mungu amekujaalia akapita karibu. Yote hayo huandikwa papo hapo pamoja na saa na mahali meli ilipo. Asiyeandika papo hapo, jioni atakuwa anabuni.

Bahari yetu inao. Yupo mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, mkia wa kabari, miguu ya waridi. Huyu hutaga visiwa vya Shelisheli kwa wingi, na wenyeji wa huko humwita fuke. Yupo na mdogo, mgongo kahawia na tumbo jeupe, ambaye hupatikana kuanzia bahari ya Omani na Ghuba. Huyo mdogo kwa miaka mingi aliwekwa na wanasayansi chini ya jina la Audubon, yule yule msafiri mwenzake mzee Bell. Na yule mkubwa mwenye mkia wa kabari ndiye huyo huyo anayetaga Hawaii. Kwa hiyo saini iliyotiwa Washington Februari ile ilikuwa ya kumlinda ndege ambaye jamaa zake wanapita mbele ya Lamu, Kilifi na Pemba.

Wavuvi wa jodari wanajua faida yake. Ndege wakikusanyika mahali baharini na kuanza kujitupa majini, chini kuna samaki wakubwa wanaowasukuma dagaa juu. Nahodha huelekeza chombo huko.

Kutoka New York hadi Ruiru

Roosevelt aliondoka New York tarehe 23 Machi 1909, akavuka Atlantiki hadi Napoli, akapanda Admiral, akapitia Suez, Bahari ya Shamu na Aden. Anayesafiri njia hiyo hupita kwenye maji ya wakata-maji karibu safari nzima. Mkuu wa wataalamu alikuwa Edgar Mearns, daktari wa jeshi na bingwa wa ndege. Hata mwenyeji wao wa Mombasa, kaimu gavana Frederick Jackson, alikuwa mtu wa ndege. Yuko ndege mweusi mwenye mkia mrefu anayerukaruka ndani ya nyasi za bara wakati wa kutafuta mke, na ndege huyo amepewa jina la Jackson.

Siku ya pili walipanda garimoshi. Roosevelt alikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili aone wanyama. Mwezi Mei akafika shamba la Juja, mali ya Mmarekani tajiri William Northrup McMillan, baina ya Ruiru na Thika. Nyumba ilikuwa karibu na makutano ya Mto Nairobi na Mto Ruiru. Leo vijana wetu wengi wa pwani wanapita huko kila muhula, kwa kuwa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia kipo Juja. Wanaona maghorofa na matatu. Mwaka 1909 palikuwa na kongoni, twiga, faru, na viboko mtoni.

Kule Juja aliua kiboko, na Kermit akaua chui baada ya chui huyo kumjeruhi mmoja wa watu waliokuwa wakimfukuza vichakani. Kisha wakahamia shamba la Hugh Heatley kando ya Mto Kamiti, kuwinda nyati kwenye mafunjo. Huku wenzake wakitega panya na kuchuna ndege hemani, Roosevelt jioni alikaa na kalamu ya risasi akiandika makala zake, nakala moja kwake na nyingine za kupeleka kwa mchapishaji. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapofuka kwa kupigwa ngumi alipokuwa akicheza ndondi Ikulu. Aliwinda kwa jicho moja na miwani, na ndege bado akawajua kwa masikio.

Na hapa ndugu zangu wa pwani tusimame kidogo. Msafara ule ulibebwa na watu zaidi ya mia mbili. Walibeba mahema, vyakula, bunduki, vitabu, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Miongoni mwa washika bunduki walikuwamo Bakari na Juma Yohari, majina ambayo hayahitaji tafsiri Mombasa wala Malindi. Wao ndio waliompa Roosevelt jina la Bwana Mkubwa, na Kermit aliyependa kujipamba wakamwita Bwana Maridadi. Mwenyewe Roosevelt aliwataja kwa majina katika kitabu chake cha safari, jambo ambalo wazungu wengi wa zama zake hawakulifanya. Lakini hesabu ya viumbe waliopelekwa Washington, kama 11,400, iliandikwa kwa majina ya Wamarekani. Aliyemwona ndege kwanza na kunyoosha kidole, aliyemwokota majanini, aliyemchukua kichwani hadi kituo cha garimoshi, hayumo katika kile kikaratasi kinachofungwa mguuni mwa ndege.

Upande wa pili wa mizani

Haifai kumsifu mtu kwa nusu ya habari zake. Roosevelt aliamini kwamba nyanda za bara letu ni nchi ya kukaliwa na wazungu, na aliyasema hayo hadharani. Ardhi ya Juja na Kamiti aliyowinda ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Wakikuyu na Wamaasai. Mwafrika aliyetega swala kwa chakula alihesabiwa mvunja sheria. Mgeni mwenye leseni aliruhusiwa kuwinda. Yeye na Kermit waliua wanyama 512.

Walipofika Lado, ng'ambo ya Nile, Januari 1910, waliua faru weupe tisa, wakiwemo majike, hali wakijua kwamba ni wachache. Leo faru weupe wa kaskazini waliobaki duniani kote ni majike mawili, wako Ol Pejeta, Laikipia. Siwezi kusema tisa wale ndio waliomaliza kizazi. Lakini mtu aliyejua hesabu kama yeye alipaswa kuhesabu.

Mwezi uo huo wa Januari, upande wa pili wa dunia, ilionekana saini ya Washington peke yake ina nguvu gani. Meli ya serikali ya Marekani, Thetis, ilifika kisiwa cha Laysan, kimojawapo katika hifadhi ile ya Hawaii. Ikakuta majangili na mabawa ya ndege zaidi ya laki mbili yakingoja kupelekwa kwa washona kofia. Hifadhi ilikuwa na karibu mwaka mmoja. Kulikuwa na amri, hakukuwa na mlinzi.

Na balaa nyingine ilikuwa imeshaingia: sungura, walioletwa Laysan kwa biashara. Wakaila kila jani. Mwaka 1923 meli ya utafiti Tanager ilizunguka visiwa vile ikiwa na wanasayansi walioongozwa na Alexander Wetmore, kuhesabu ndege wa baharini na wa nchi kavu. Laysan waliikuta jangwa. Kulikuwa na ndege mdogo mwekundu asiyepatikana kisiwa kingine chochote. Wanasayansi waliwaona watatu. Dhoruba ya mchanga ikavuma, na baada yake hakuonekana hata mmoja. Msafara ule ukawamaliza sungura, na majani yakaanza kurudi. Wakata-maji, ambao bila mizizi ya majani mashimo yao huporomoka, leo bado wanataga huko.

Mwisho wake

Roosevelt alifika Khartoum Machi 1910. Juni ile, akiwa Uingereza, alitembea kutwa nzima mashambani na Waziri wa Mambo ya Nje, Edward Grey, wasizungumze siasa bali wakisikiliza ndege. Mwaka 1912 aligombea tena urais, akapigwa risasi kifuani, akahutubia kwanza ndipo akaenda hospitali, na uchaguzi akashindwa. Baadaye safari ya mto wa Brazil ilimrudisha mgonjwa wa malaria na kidonda mguuni. Hakupona sawasawa.

Juni 1915 alikwenda kwa mashua hadi visiwa vya Breton, mbele ya mdomo wa Mississippi, hifadhi aliyoitangaza mwenyewe mwaka 1904. Mzee mwenye jicho moja alisimama mchangani katikati ya maelfu ya ndege wa bahari na mayai yao, na safari hii alikuja kutazama. Walinzi walikuwepo, na ndege walikuwepo. Alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, umri wake miaka 60.

Na sisi je?

Nimeandika haya kwa sababu tunavyo visiwa vyetu. Kisite kuna membe wanaotaga ndani ya hifadhi ya bahari. Fungu la Kizimkazi, kusini ya Unguja, kuna ndege wa bahari kuu wanaotaga kwenye mwamba mtupu. Jirani zetu wa Shelisheli walikula makinda ya fuke kwa vizazi vingi, mpaka mwaka 1968 kisiwa cha Cousin kiliponunuliwa kwa ajili ya ndege na kuwekewa watu wa kukilinda. Leo mashimo ya fuke yamejaa pale. Tofauti baina ya Laysan ya 1910 na Cousin ya leo ni watu waliolala kisiwani wakilinda.

Mayai ya ndege wa bahari huokotwa bado katika visiwa vya mwambao huu, na anayeokota mara nyingi hajui kwamba baadhi ya ndege hao hutaga yai moja kwa mwaka. Sheria ipo. Ila mwenye kufika kisiwani kila siku ni mvuvi. Yeye ndiye angekuwa mlinzi wa kwanza, akishirikishwa na kulipwa, si kutishwa.

Jambo la pili ni majina. Shakwe na membe tunawataja wote, lakini huyu mkata-maji nimelazimika kumtafsiri jina lake ili niandike makala hii. Siamini kwamba manahodha waliokwenda Omani na Shelisheli kwa kusi na kaskazi walipita naye miaka yote wasimpe jina. Mwenye mzee nyumbani aliyevua bahari kuu, amkalishe barazani amwulize: yule ndege anayekwenda sambamba na chombo, bawa karibu na maji, hapigi, mnamwitaje? Kisha aandike jina, na jina la mzee mwenyewe, na mahali alipovua. Kile kikaratasi cha mguuni, safari hii kiandikwe na sisi.